Dokta Remmy: Mtoto wa Kindu, Baba wa Sinza

Ukisimama sokoni hapa Majimoto, masikio yatakuambia mengi kuliko macho. Utasikia Kipimbwe, maana hii ni nchi ya Wapimbwe. Utasikia Kisukuma, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 wafugaji wamekuwa wakishuka na ng'ombe wao kuja bonde la Rukwa, wakakuta malisho na mashamba ya mpunga, wakabaki. Kifipa nacho kipo. Panda gari uvuke mbuga ya Katavi hadi Mpanda mjini, utakuta wazee ambao baba zao waliletwa na reli iliyojengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Endelea mpaka Katumba na Mishamo, huko utakutana na familia ambazo asili yake ni Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972.

Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012, lakini watu wake walikuwa wakihamia na kuhama muda mrefu kabla ya hapo. Ndiyo maana mazungumzo ya leo, yanayomhusu mhamiaji mmoja aliyeishi kwa ajili ya familia na muziki, yana haki ya kusikilizwa Majimoto kwa namna ya pekee. Mhamiaji huyo alitoka ng'ambo ya ziwa letu wenyewe, Ziwa Tanganyika. Jina lake la kuzaliwa ni Ramadhani Mtoro Ongala. Tanzania nzima ilimwita Dokta Remmy.

Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji ulio kando ya mto Lualaba, katika eneo la Maniema, wakati Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Katikati kuna uyatima, nchi tatu au nne, bendi kadhaa, nyumba ya Sinza, mke Mwingereza, watoto, na nyimbo ambazo mpaka leo mtu wa makamo akizisikia kwenye basi hunyamaza kwanza.

Wengi humkumbuka kama sauti ya wanyonge, mwanamuziki aliyewakaripia wenye mali na wenye vyeo. Ni kumbukumbu ya kweli, na mwenyewe aliupa wimbo wake mmoja jina la Sauti ya Mnyonge. Lakini zisikilize nyimbo zake kwa utulivu, moja baada ya nyingine, utagundua kwamba jambo lililomkaa moyoni kuliko yote lilikuwa karibu zaidi na mlango wa nyumba. Nani kazaa na nani hakujaliwa. Nani kafiwa. Nani kaachiwa watoto awalee peke yake. Remmy alikuwa mtu wa familia kabla ya kuwa mtu wa siasa, na hata siasa yake ilianzia jikoni, pale ambapo mama hana cha kuinjika.

Tuanze na Kindu. Kwa mtu wa Katavi, Kindu si mbali kama ramani inavyoonyesha. Wabelgiji walijenga reli iliyouunganisha mji huo na bandari ya Kalemie, inayotazamana na pwani yetu ya Karema na Ikola. Kabla ya reli kulikuwa na misafara. Karne ya 19 watu wa Maniema walipita njia ya Ujiji na Tabora kwenda pwani, wakiwa wapagazi, wafanyabiashara, wengine watumwa. Waliobaki njiani wakawa Wamanyema wa Ujiji, wa Tabora, hata wa Kariakoo. Karema yenyewe ilikuwa kituo cha Wabelgiji kuanzia mwaka 1879, kabla ya kukabidhiwa kwa mapadri, Wamisionari wa Afrika, mwaka 1885. Kwa hiyo Remmy aliposhika njia ya mashariki akiwa na gitaa, alikuwa anafuata njia ambayo watu wa kwao walishaikanyaga kwa vizazi. Na Kiswahili hakujifunzia Dar es Salaam. Alitoka nacho Kindu, Kiswahili cha Maniema, na lafudhi yake haikumtoka hadi mwisho.

Baba yake alikuwa mwimbaji na mpigaji wa ngoma za asili. Mama yake alikuwa ameshapoteza watoto wengine kabla yake, na Remmy mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alizaliwa akiwa na meno mawili mdomoni, na kwamba mganga alimwambia mama yake mtoto huyu atakuja kuwa mganga naye, asinyolewe nywele. Ndiko lilikoanzia jina la Dokta, na ndiko zilikoanzia zile nywele ndefu zilizosokotana ambazo watoto wa Dar walizitambua wakiwa mbali. Hapo mtu anaweza kuamini au asiamini. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mama yule alimlea mwanawe kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kunyang'anywa, na mtoto anayelelewa hivyo hasahau.

Baba alifariki Remmy akiwa bado mdogo sana. Mama naye alifuata, kijana akiwa hajafika miaka 20. Fikiria na majira yenyewe. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na miezi michache tu baadaye waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, akauawa, Januari 1961. Novemba mwaka huo huo askari wa anga 13 wa Italia, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, waliuawa hapo hapo Kindu. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na kabla mwaka haujaisha ukarudi mikononi mwa serikali. Katika mji wa namna hiyo, kijana yatima mwenye wadogo wa kuwatazama hakuwa na mengi ya kuchagua. Ada ya shule hapakuwa na wa kulipa. Alikuwa na mikono na masikio. Akaanza na ngoma, akajifundisha gitaa, akapiga katika hoteli na mabaa, akitafuta riziki. Muziki kwake haukuanza kama starehe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuzunguka, Kongo, Uganda, Kenya, bendi moja hadi nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wanamuziki wa Kongo wa wakati ule. Rumba ya Kinshasa ilitawala Afrika Mashariki yote, na mpiga gitaa kutoka Zaire, kama nchi ilivyoitwa kuanzia mwaka 1971, alipokelewa popote penye ukumbi na kreti za bia. Wengine waliishia Nairobi. Wengine walifika Dar es Salaam na wakakaa moja kwa moja: kina Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, kina King Kiki wa Kitambaa Cheupe, aliyetutoka Novemba 2024, na kundi zima la Maquis lililojaza ukumbi wa White House kule Ubungo.

Remmy aliingia Dar es Salaam mwaka 1978, akaitwa kwenye Orchestra Makassy ya Mzee Makassy. Haukuwa mwaka wa neema. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na santuri za Watanzania zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Mwisho wa mwaka vita vya Kagera vikaanza. Baada ya vita kila kitu kikawa adimu: sabuni, sukari, dawa ya meno, nyuzi za gitaa. Mwanamuziki hakuwa na pa kuuza santuri. Alirekodi Radio Tanzania, maneno ya wimbo yakiwa yamepitiwa kwanza, wimbo ukipigwa nchi nzima, na mkononi hapati kitu cha maana. Riziki ilitoka mlangoni, kwenye kiingilio, usiku kwa usiku.

Na hata kiingilio hicho kilikuwa na mwenyewe. Hili ni muhimu kuelewa, maana vijana wa sasa wanaojirekodia nyimbo chumbani kwa kompyuta hawawezi kulikisia. Bendi karibu zote zilikuwa na mwenye vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadilishwa jina kila chama kilipobadilisha jina, JUWATA, OTTU, hadi kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la jiji, DDC. Nyingine zilikuwa za jeshi, za mashirika ya umma, au za mfanyabiashara mmoja. Mwenye vyombo akikasirika, magitaa na spika vinapakiwa kwenye gari, na wanamuziki 12 wanabaki na nguo walizovaa. Orchestra Makassy ilipohamia Nairobi, ambako ilikuja kurekodi albamu ya Agwaya, Remmy hakuwafuata. Alibaki Dar es Salaam na kujiunga na Super Matimila, bendi ya mfanyabiashara, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa nini alibaki? Mtu anayehamahama kwa sababu ya muziki kwa kawaida huufuata muziki unakokwenda, na wakati ule pesa na studio zilikuwa Nairobi. Kuna jibu moja linaloonekana katika maisha yake yaliyofuata: Dar es Salaam alikuwa ameanza kupata watu. Alioa. Alizaa. Alipata mtaa. Baadaye akawa raia wa Tanzania. Yatima wa Kindu alikuwa ameacha kutembea.

Super Matimila ikawa yeye, na yeye akawa Super Matimila. Magitaa matatu yaliyojibizana, besi nzito, ngoma, saksafoni, na juu yake sauti yake ile yenye kukwaruza kidogo, inayozungumza nusu na kuimba nusu. Wimbo uliingia taratibu kwa maneno, na maneno yakishakwisha kazi yake, magitaa yakachukua chemko, ile sehemu ya kucheza, na watu wakainuka. Aliuita mtindo wake Ubongo, akitaka mtu acheze huku anafikiri. Na alijua namna ya kumfikirisha Mswahili: alimpa methali aliyokwisha kuijua tangu utotoni, kisha akamwonyesha inavyomuuma leo. Majina ya nyimbo yenyewe yanatosha: Ndumila Kuwili, Mtaka Yote, Kipenda Roho. Mhamiaji aliyekuja na Kiswahili cha Maniema aliingia katika hazina ya wenyeji wake akachukua vitu vyao vya zamani, akavirudisha vikiwa na mdundo.

Hapo ndipo hoja ya familia inapojitokeza wazi. Mwaka 1988 taasisi ya WOMAD ya Uingereza ilikusanya rekodi zake na kutoa albamu, na wimbo uliobeba jina la albamu hiyo ni Nalilia Mwana. Haukuwa wimbo wa siasa wala wa mapenzi ya vijana. Ni kilio cha asiyejaliwa mtoto. Katika ukumbi wa dansi, penye bia na taa za rangi, mwanamume anasimama na kuimba uchungu ambao wanawake wengi huumeza kimya, wakisimangwa na mawifi na mama wakwe. Ukumbuke kwamba mwimbaji huyo alizaliwa na mama aliyezika watoto kabla yake. Mwandishi wa mazungumzo haya hana shaka kwamba sauti ya mama yule imo ndani ya wimbo.

Kisha kuna Kifo. Huenda hakuna wimbo wa dansi wa Tanzania uliochezwa na kuliliwa kwa wakati mmoja kama huo. Remmy anamkabili kifo kana kwamba ni mtu aliyeingia nyumbani bila hodi, anamuuliza maswali ambayo kila mfiwa amewahi kuyauliza usiku wa msiba. Kabla ya hapo alikuwa ameshatunga Siku ya Kufa. Kifo kilimfuata katika utunzi wake kwa sababu kilimtangulia katika maisha. Mtu aliyebaki bila baba na bila mama kabla ya kukomaa hawezi kuimba habari za kifo kwa mbali.

Na watu walimwelewa. Ungekwenda kwenye matanga yoyote kuanzia hapa Majimoto hadi Mtwara, katika miaka ile kaseti zake zilipokuwa zikisambaa, ungekuta kijana mmoja ana redio yenye betri zilizoanikwa juani, na wimbo wa Remmy unapigwa kwa sauti ya chini. Ni jambo la ajabu mwanamuziki wa baa kupewa nafasi msibani. Remmy alipewa.

Mwaka 1989 alirekodi albamu ya pili ya kimataifa, Songs for the Poor Man, katika studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, na mwaka 1992 ikafuata nyingine, Mambo. Super Matimila ilisafiri Ulaya na WOMAD, ikapiga mbele ya maelfu ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Ndani ya albamu ya 1989 kuna wimbo Muziki Asili Yake Wapi, na anayeuliza swali hilo ni mtu aliyezaliwa katika koloni la Ubelgiji, mwenye jina la Kiislamu, anayepiga rumba ambayo nusu ilivuka bahari kutoka Kuba, akiwa Mtanzania aliyeoa Mwingereza. Alikuwa na haki ya kuuliza kuliko wengi.

Safari hizo zilimpa nafasi ya kubaki huko. Wanamuziki wengi wa Afrika wa kizazi chake walibaki Paris, London au Stockholm, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye alirudi kila mara. Nyumba yake ilikuwa Sinza, mtaani kabisa, si katika vilima vya wenye nacho. Makonda wa daladala wakaanza kupaita mahali pale Sinza kwa Remmy, na mpaka leo panaitwa hivyo, hata na abiria waliozaliwa baada ya yeye kuacha kupiga gitaa. Hakuna ofisi ya serikali iliyompa heshima ya kuitwa kituo. Alipewa na abiria.

Aliishi pale na mke wake na watoto wao, mlango ukiwa wazi. Nyumba ya mwanamuziki wa bendi haiwi ya familia ya damu peke yake. Kuna mpiga besi aliyegombana kwake, kuna kijana aliyetoka Kigoma juzi na gitaa lisilo na nyuzi mbili, kuna jirani aliyekuja kuomba nauli ya hospitali. Kwa utani alikuwa akijiita Sura Mbaya, na watoto wa mtaa wakamwita hivyo hivyo bila kumwogopa. Mtu akikubali kuitwa hivyo na watoto, ujue amekwisha kuwa mjomba wao.

Baba wa namna hiyo ndiye aliyetunga Mambo kwa Soksi mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti ugonjwa huo. Watu walikufa, na katika matanga ilisemwa malaria, ilisemwa kifua, ilisemwa kurogwa. Remmy akaimba wazi habari za kondomu, kwa jina la mtaani, soksi. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Viongozi wa dini walikasirika. Kaseti zikauzwa hata hivyo, zikapigwa kwenye mabasi na vibanda vya chipsi, na ujumbe ukafika mahali ambako mabango ya wizara hayakufika. Wapo waliouona wimbo ule kuwa matusi. Ukiutazama pamoja na Nalilia Mwana na Kifo, unaonekana kuwa ni wimbo wa mzazi. Aliyejua maana ya kubaki yatima hakutaka nchi nzima ijae yatima.

Kuna mfano mmoja wa mbali unaosaidia kumwelewa Remmy. Wafilipino ni watu waliotawanyika duniani kutafuta kazi, na tangu miaka ya 1970 serikali yao imekuwa na utaratibu rasmi wa kupeleka wafanyakazi nje. Msikilizaji mwenye ndugu Dubai, Muscat au Doha atakuwa ameambiwa kuhusu wauguzi wa Kifilipino, mabaharia wa Kifilipino, na bendi za Kifilipino zinazopiga hotelini usiku. Jambo hilo si geni kwao, kwani tangu miaka ya 1920 wanamuziki wa Manila walikuwa wakipiga jazi katika kumbi za Shanghai. Wengi wao hupiga nyimbo za wengine, vizuri sana, kisha hutuma mshahara nyumbani kwa watoto wanaokua bila wao. Familia inaishi kwa muziki, lakini mwanamuziki anaikosa familia. Bei hiyo ni kubwa, na inalipwa na mamilioni ya watu kimya kimya. Remmy alipata bahati ambayo wahamiaji wengi hawaipati: aliweza kuiweka familia na kazi katika mji mmoja, na kuimba maneno yake mwenyewe mbele ya majirani zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiharusi kilimwangusha. Kisukari nacho kilikuwa mwilini. Mtu aliyejaza jukwaa akawa anasaidiwa kukaa na kusimama. Hapo tena familia ndiyo iliyobeba mzigo: kulisha, kugeuza, kupeleka hospitali, kulipa dawa katika nchi ambayo wakati huo mwanamuziki hakuwa na pensheni wala bima. Sheria ya Hakimiliki ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, ikazaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, lakini kwa mtu ambaye nyimbo zake nyingi zilirekodiwa redioni na kunakiliwa kwenye kaseti bila hesabu, sheria ilikuja jioni sana. Hili linauma kulisema, na lazima lisemwe. Nyimbo zilizowaliwaza watu misibani nchi nzima hazikutosha kumtunza mwenyewe akiugua.

Akaokoka. Aliyezaliwa Ramadhani, aliyeitwa Dokta kwa unabii wa mganga, aliyepiga dansi hadi alfajiri kwa zaidi ya miaka 30, akatangaza kuwa ameachana na muziki wa dunia na kuanza kuimba injili. Mashabiki wengine walivunjika moyo, wakaona wamenyang'anywa mtu wao. Hawakusikiliza vizuri. Nyimbo zake zilikuwa zikibishana na Mungu tangu mwanzo, kuhusu kifo, kuhusu maskini, kuhusu mama asiyezaa. Alihamisha ubishi huo kutoka baa hadi kanisani, na sauti ilikuwa ile ile.

Alipofariki Desemba 2010, Sinza ilijaa watu ambao hawakuwa na undugu naye wa damu. Mtoto wa Kindu alikuwa amezikwa na wenyewe.

Watoto nao hawakukaa mbali na macho ya umma. Kali Ongala alichagua mpira: alichezea Yanga, akaenda kucheza Sweden, akarudi Azam, na baadaye akawa kocha. Shabiki wa soka aliyekuwa hajui gitaa ni nini alilijua jina la Ongala kupitia uwanja. Aziza Ongala alichagua jukwaa, akaimba nyimbo za baba na zake mwenyewe, na mwaka 2019 tamasha lililobeba jina la Ongala lilifanyika Dar es Salaam, watoto wa marehemu wakiwa mstari wa mbele kuliandaa. Kijana wa leo mwenye wazazi waliohamia Majimoto kutoka Shinyanga au Sumbawanga anaweza kulipima jambo hilo. Katika kizazi kimoja tu, jina lililokuja nchini na mtu mmoja likawa la soka ya Tanzania na la muziki wa Tanzania.

Turudi kwetu Katavi. Mwaka 2010, mwaka ule ule aliofariki Remmy, serikali iliridhia kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa asili ya Burundi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Ni tukio kubwa, na dunia ililisifu. Lakini kabla ya vyeti kulikuwa na kwaya. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, mkoani Tabora, ilikuwa ikipigwa kwenye redio na katika nyumba za Watanzania miaka mingi, na wasikilizaji waliipenda bila kumuuliza mwimbaji ana karatasi gani. Katika makanisa ya Katumba na Mishamo pia watu waliimba kwa Kiswahili tangu wakiwa wakimbizi. Kwa njia ile ile aliyopita Remmy, walikuwa wamekwisha kuingia nyumbani mwa watu kwa sauti, serikali ikaja kuandika baadaye.

Sasa bandari ya Karema imejengwa kwa ajili ya biashara na Kongo, na malori yanapita Mpanda kwenda ziwani. Wakongo wengi zaidi watakuja: wafanyabiashara, mafundi, akina mama wa vitenge, na kati yao hakika wamo wapiga magitaa. Mapokezi yao yasianzie kwenye kushukiwa. Afisa uhamiaji ana kazi yake na aifanye. Mwenye baa, mwenye nyumba ya kupanga, mchungaji na mwalimu wa kwaya wana kazi yao pia, nayo ni kumuuliza mgeni anajua kufanya nini.

Kuna jambo jingine ambalo vituo vya redio vya mkoa huu vinaweza kulifanya wiki hii hii, bila kusubiri mfadhili. Maktaba ya sauti ya iliyokuwa Radio Tanzania, sasa TBC, ina kanda za dansi za miongo mitatu. Albamu za Remmy zilizotolewa nje bado zinapatikana. Zipigwe saa ambazo watu wapo nyumbani, si usiku wa manane. Mtangazaji amtaje mtunzi na mwaka, ataje na waliopiga pale wanapojulikana. Na zikipigwa, taarifa ipelekwe kwa wanaosimamia mirabaha ya wanamuziki ili familia ipate haki yake. Mzee aliyeimba Mnyonge Hana Haki anastahili walau hilo.

Kwa leo, fundi mitambo ameandaa nyimbo tatu: Nalilia Mwana ya mwaka 1988, Muziki Asili Yake Wapi ya mwaka 1989, na Kifo, ambao utapigwa mzima bila kukatwa, chemko lake likiwamo.